Kununua na Kupima Leza ya Mkononi Iliyoundwa na Fundi: Mwongozo kwa Anayeanza

Maswali ni yale yale. Ninunue ya wati ngapi? Miwani ya jua si itatosha? Mbona hii niliyouziwa kama ya miliwati 5,000 haipasui hata puto? Muuzaji anadai wati 3, nitajuaje kama ni kweli? Majibu yako hapa, yamepangwa kwa mfuatano wa kazi yenyewe, ili uweze kufuata hatua kwa hatua leza ikiwa mezani.

Tunazungumzia leza zinazoundwa na fundi mmoja mmoja, wengi wao wakiwa Marekani na Ulaya, si pointa za dukani. Fundi huchukua bodi (ganda la nje) inayofanana na ya kurunzi, akapachika daiodi (kijisehemu kinachotoa mwali) mpya au iliyotolewa kwenye projekta, akaiwekea draiva ya kuratibu umeme, kisha akauza. Uzuri wake ni kwamba unajua kilichomo ndani, na kikifa kinabadilishwa. Ubaya wake ni kwamba hakuna kiwanda kilichoikagua. Mkaguzi ni wewe.

Shika jambo moja kabla ya yote: nguvu ambayo haijapimwa ihesabu kuwa haijulikani, na jicho ndicho kipimo kibaya kuliko vyote. Miliwati 50 za kijani cha nanomita 520 (nanomita hupima urefu wa wimbi la mwanga, ndiyo hutaja rangi kamili) huonekana kwa jicho karibu sawa na wati nzima ya buluu ya nanomita 450. Zambarau ya 405 huonekana hafifu kabisa hata pale inapotoboa karatasi. Anayekadiria kwa macho huishia kupunjwa au kuumia, na wengine yote mawili.

Nadharia unayoihitaji ni ndogo: leza hupangwa kwa madaraja ya hatari kulingana na nguvu. Daraja la 2 ni chini ya miliwati 1, na hapo kope huwahi kufumba, maana hufumba ndani ya robo sekunde. Daraja la 3R huishia miliwati 5. Daraja la 3B ni kuanzia 5 hadi 500. Daraja la 4 ni zaidi ya 500. Kuanzia 3B kwenda juu usitegemee kope: mwali ukiingia jichoni, jeraha huweza kutokea kabla hazijashuka. Kwenye daraja la 4 hata doa lililo ukutani si la kukodolea macho, na mwali unachoma ngozi na kuwasha moto. Retina (utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga) ikiungua haiumi na haioti upya, ndiyo maana wengine hugundua siku kadhaa baadaye kwamba wana doa jeusi katikati ya kila wanachokitazama.

MAHITAJI KABLA YA KUANZA

Miwani ya kinga inayolingana na rangi ya leza yako, jozi moja kwa kila mtu atakayekuwa chumbani.

Betri mbili za lithiamu za aina aliyotaja fundi (mara nyingi 18650) na chaja inayosimama yenyewe kwenye volti 4.2.

Multimita yenye tundu la ampea 10. Ukipata yenye waya wa kupimia joto, bora zaidi. Utaona sababu yake kwenye hatua ya 8.

Kipimo cha nguvu cha aina ya themopaili (hupima joto ambalo mwali unaliacha kwenye sensa), kama mfuko unaruhusu. Vipimo vya fotodaiodi ni vya bei nafuu, lakini usomaji wake hubadilika kwa kila rangi na hushindwa mapema kwenye nguvu kubwa.

Kishikio: tripodi ndogo, au jiliwa la fundi seremala lililowekewa kitambaa.

Tofali jekundu lisilopakwa rangi, ndoo ya mchanga, rula, futi kamba na daftari.

Miwani inatangulia kuagizwa. Leza ikifika kabla ya miwani, iache kwenye boksi lake. Najua mkono unawasha, lakini ajali nyingi ni za siku hiyo ya kwanza, kwenye kale ka "ngoja niione tu kidogo".

HATUA

1. Chagua rangi na nguvu kulingana na kazi.

Kama unataka kuona mwali usiku au kuonyesha nyota, chukua kijani (cha nyota kiwe chini ya miliwati 5, tazama hatua ya 10). Daiodi ya Osram PL 520 hutoa kama miliwati 50 za kijani, na PL 450B hutoa kama 80 za buluu. Zote mbili zina doa dogo zuri, na tayari ni daraja la 3B, yaani za kuvalia miwani. Kwa leza ya kwanza usivuke hapo. Wati 1 kwenda juu ni za mtu ambaye ameshazoea kuvaa miwani bila kukumbushwa.

Kuna kijani cha aina mbili, na tofauti yake si ya kupuuza. Kijani cha 520 hutoka moja kwa moja kwenye daiodi. Kijani cha 532 huanza kama infraredi ya nanomita 808, inabadilishwa na fuwele kuwa 1064, kisha fuwele nyingine inaikata nusu kuwa 532. Kama fundi hakuweka chujio, infraredi hiyo hutoka pamoja na kijani nawe huioni. Mwaka 2010 watafiti wa taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, walieleza pointa ya bei rahisi iliyoandikwa miliwati 10 iliyokuwa ikitoa karibu miliwati 20 za infraredi. Kwa anayeanza, 520 haina kesi hiyo.

Kosa la kawaida: kununua buluu ya wati 5 kwa sababu bei yake ni ndogo kuliko kijani cha wati 1. Daiodi kubwa za buluu zina mwali mpana wenye doa kama mstari, na huonekana kidogo kuliko unavyotarajia. Utakuwa umenunua hatari nyingi kwa mwanga haba.

2. Angalia sheria kabla ya bei.

Marekani hairuhusu kitu chenye zaidi ya miliwati 5 kiuzwe kama pointa. Uingereza inashauri umma usiuziwe pointa zaidi ya miliwati 1. Australia inazuia kuingiza za mkononi zaidi ya miliwati 1 bila kibali. Ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, uliza forodha na mamlaka husika kwa maandishi kabla hujalipa, na hifadhi jibu. Mwambie fundi aandike kilichomo kwa ukweli. Kifurushi kilichoandikwa "tochi" kikifunguliwa, unayepoteza ni wewe.

3. Muulize fundi maswali haya, na usilipe hadi ayajibu yote.

Daiodi ni ipi, kwa jina kamili? "Nichia ya buluu" si jina. NDB7875 ni jina. Draiva imewekwa ampea ngapi? Lenzi ni ya kioo kimoja, ile inayoitwa G2, au ya vioo vitatu? Kipoza joto ni shaba au alumini, na kina gramu ngapi? Iwake dakika ngapi, ipumzike ngapi? Betri inaingia upande gani? Imepimwa kwa kipimo gani?

Kisha omba grafu ya nguvu ya sekunde 60. Picha ya namba moja haitoshi, kwa sababu daiodi ya baridi huruka juu sekunde ya kwanza, na huo ndio wakati wa kupiga picha kwa muuzaji mjanja. Grafu inaonyesha kama nguvu inabaki au inaporomoka.

Linganisha majibu yenyewe kwa yenyewe. Daiodi ya Osram PLTB450B kwenye ampea 1.2 hutoa karibu wati 1.6. Anayekuambia ana hiyo hiyo, kwa ampea hizo hizo, na anapata wati 3, ama anakosea ama anakukosea wewe. Lenzi nayo ina hesabu yake: G2 hupitisha nguvu nyingi lakini humwaga mwanga pembeni ya doa, ya vioo vitatu hutoa doa safi, na kwenye daiodi kubwa inaweza kula hadi robo ya nguvu. Uliza namba aliyokupa ilipimwa kwa lenzi ipi, maana wapo wanaopima kwa G2 na kusafirisha ya vioo vitatu.

4. Lipa kwa njia yenye marejesho.

Usikubali kutuma pesa kwa njia ya "zawadi kwa rafiki", hata kama muuzaji anasema atapunguza bei. Betri usiagize ng'ambo: betri za lithiamu zikiwa peke yake haziruhusiwi kusafirishwa kama mzigo ndani ya ndege za abiria, kwa hiyo mafundi wengi hutuma leza tupu. Nunua kwenye maduka ya vifaa vya umeme, Kariakoo au Luthuli Avenue, lakini nenda na mizani ndogo ya sonara. 18650 halisi ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Iliyoandikwa 9900 mAh na nyepesi kama karatasi ni takataka. Nzuri kabisa za kawaida huishia karibu 3500. Ndugu akikuletea betri safarini, zikae kwenye mkoba wa mkononi, kila moja kwenye kasha lake, ncha zikiwa zimefunikwa.

5. Ikague ikiwa haina betri.

Fungua mfuniko wa nyuma. Nyuzi za skrubu zizunguke laini, zisiwe na mchanga wala rangi. Tikisa taratibu: kitu kikigonga ndani, moduli (kimrija kinachoshika daiodi na lenzi) haijakaza au waya umekatika. Angalia lenzi kwa pembeni, chini ya taa, usiichungulie ukiilekeza jichoni hata kama huna betri ndani. Huu ni mwiko wa kujijengea sasa, kwa sababu siku moja betri itakuwemo na utakuwa umesahau.

Lenzi ikiwa na alama ya kidole, isafishe kwa pamba ya kijiti na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, mara moja, kwa mzunguko mmoja. Spiriti ya rangi huacha utando, na utando ukipigwa na mwali unaungua juu ya kioo.

6. Jaribu miwani kabla ya kuiamini.

Soma kilichochapwa kwenye kioo chenyewe, si kwenye boksi: kuna masafa ya nanomita na namba ya OD (kiasi ambacho kioo kinazuia mwanga). Kila OD moja hupunguza mwanga mara kumi. Leza ya wati 2 kupitia OD 4 inabaki miliwati 0.2, salama. Kupitia OD 3 inabaki miliwati 2, haitoshi. Lenga ibaki chini ya miliwati 1. OD 7 inasikika kama kinga zaidi, lakini hutaona doa kabisa, na mtu asiyeona doa hushawishika kuivua.

Miwani ya rangi ya chungwa huzuia buluu na zambarau. Nyekundu kama ya 638 inapita humo kana kwamba hakuna kitu. Miwani ya jua, ya kulehemu, na ya "kila rangi" isiyo na namba hazifai. Zenye alama ya EN 207 zimepimwa kwa kiwango cha Ulaya.

Kujaribu: iweke miwani mezani, si usoni. Pitisha pointa ya chini ya miliwati 5 yenye rangi hiyo hiyo kupitia kila kioo hadi kwenye karatasi nyeupe. Doa lipotee au libaki kivuli tu. Hili linakuonyesha miwani bandia, halikuthibitishii namba ya OD. Usijaribu kwa leza kubwa, plastiki itayeyuka. Na usiitumie kutazama ndani ya mwali. Ni kinga ya ajali, basi.

7. Andaa chumba.

Taa ziwake, ili mboni za macho zibaki ndogo. Mlango ufungwe kwa ufunguo. Ondoa vioo, fremu za picha, televisheni, kufuli zinazong'aa, saa na pete. Madirisha ya nako ni mabaya mno, kila kioo kina pembe yake. Shusha pazia zito. Marumaru na rangi ya mafuta ukutani hurudisha mwali, na mabati yanaurudisha usikotarajia. Nyuma ya shabaha weka tofali, na ndoo ya mchanga iwe mkononi.

Mwali upite chini ya jicho la mtu aliyekaa. Urefu wa meza, kama sentimita 75, unafaa kwa watu wazima. Kwa mtoto mdogo, hapo ndipo jicho lilipo. Ndiyo maana mlango unafungwa.

8. Washa mara ya kwanza, kisha pima.

Pima betri kwanza: ikijaa isome volti 4.1 hadi 4.2. Thibitisha upande wa betri kwa maelezo ya fundi, usifuate mazoea ya tochi. Bodi nyingine zimejengwa kinyume, na draiva iliyopewa umeme kinyume hufa papo hapo.

Funga leza kwenye kishikio, ielekeze kwenye tofali umbali wa mita 1 au 2, vaa miwani, tamka kwa sauti kwamba unawasha, kisha washa kwa sekunde 2. Zima. Gusa kichwa cha bodi. Rudia kwa sekunde 5. Ukisikia harufu ya kuungua, toa betri.

Sasa umeme. Fungua mfuniko wa nyuma, weka multimita kwenye ampea 10, ncha moja kwenye mkia wa betri, nyingine kwenye ukingo wa bodi usiopakwa rangi. Angalia: hapo leza inawaka, kwa hiyo miwani iko usoni na mwali uko kwenye tofali. Daiodi ya buluu ya ampea 1.2 hutumia kama volti 4.7, yaani wati 5.6. Kwa betri moja utasoma kati ya ampea 1.5 na 2, kwa sababu draiva inapandisha volti. Ukisoma 0.6, hakuna wati 1.6 za mwanga humo, hata akuapie.

Kwenye themopaili: zima feni, kwa maana upepo unaharibu usomaji. Iache dakika chache ipoe, iweke sifuri, legeza lenzi hadi doa lifunike kama nusu ya sensa. Doa lililokusanywa hutoboa rangi ya sensa na umeiua. Andika usomaji wa sekunde 15, 30 na 60. Sekunde za mwanzo sensa bado inapanda.

Huna themopaili? Tumia kipande cha alumini. Kata mraba wa milimita 40 kwa 40 wenye unene wa milimita 2.3, utakuwa na karibu gramu 10. Upime kwenye mizani. Upake rangi nyeusi isiyong'aa upande mmoja, gundisha waya wa joto wa multimita upande wa pili, utundike kwa uzi. Soma joto, upige kwa doa pana sekunde 30, soma joto la juu kabisa. Nguvu ni gramu mara 0.9 mara nyuzi zilizopanda, gawanya kwa sekunde. Mfano: kutoka 27.0 hadi 31.8 ni nyuzi 4.8, mara 9 ni 43.2; gawanya 30, unapata wati 1.44. Joto kidogo hupotea hewani na rangi hainywi mwanga wote, kwa hiyo halisi ni juu kidogo. Inatosha kabisa kumtofautisha wa wati 1.5 na wa wati 3. Tahadhari: rangi ikiungua, alumini tupu inageuka kioo. Ukiona moshi, zima.

9. Pima uvumilivu wa joto.

Ile leza ya wati 5.6 inayotoa mwanga wa 1.6 inabakisha wati 4 za joto mle ndani. Kipoza joto cha shaba cha gramu 100 hupanda kama nyuzi 6 kwa dakika. Cha alumini cha gramu 30 hupanda 9. Ukijua hivyo huhitaji kukisia muda wa kupumzika. Rudia kipimo cha nguvu kwa dakika 1, pumzisha dakika 1, mara tatu. Nguvu ikipungua kwa asilimia isiyofika 10 ni kawaida. Ikipungua kwa zaidi ya 20, daiodi haijabanwa vizuri kwenye moduli au pesti ya joto haikuwekwa. Mwandikie fundi ukiwa na namba zako.

10. Pima mtawanyiko wa mwali.

Kwenye korido iliyofungwa ncha zote mbili, pima kipenyo cha doa kwenye mita 1, kisha mita 11. Toa kidogo kwenye kikubwa, gawanya kwa 10: milimita 4 na milimita 19 zinakupa 1.5, yaani miliradiani 1.5 (doa hupanuka milimita 1.5 kwa kila mita). Doa likiwa mstari, pima urefu na upana. Usilipime kwa kusogeza uso. Piga picha kwa pembeni, rula ikiwa kwenye picha. Simu isielekezwe kwenye mwali, sensa ya kamera hufa haraka kuliko unavyodhani.

Namba hii si ya kujisifia tu. Wati 1 yenye miliradiani 1.5 inaweza kuumiza jicho hadi kama mita 150. Hata miliwati 5 yenye miliradiani 1 ina hatari hadi karibu mita 16. Kupofua kwa mwanga, bila kuunguza, kunafika mbali zaidi mara nyingi, na hapo ndipo rubani anapoingia. Marekani na Uingereza kumulika ndege kunaweza kukupeleka jela hadi miaka 5. Ukitoka nje, mwali uishie kwenye kilima au ukuta unaouona. Na kama unaonyesha nyota, tumia ya chini ya miliwati 5, mbali na njia za ndege, na zima ukisikia mngurumo wowote.

11. Hakiki rangi, kwa leza ndogo pekee.

Kwa ya chini ya miliwati 5, weka greting (kipande kiangavu chenye mistari myembamba inayotawanya rangi) ya mistari 500 kwa milimita mbele ya mwali, ukuta ukiwa mita 1. Pima kutoka doa la katikati hadi la pembeni: buluu ya 445 huangukia sentimita 22.8, kijani cha 520 sentimita 26.9, cha 532 sentimita 27.6, nyekundu ya 638 sentimita 33.7. Kwa 532, tazama ukuta kupitia kamera ya mbele ya simu (ijaribu kwanza kwa rimoti ya televisheni: ukiona taa yake, inaona infraredi). Doa likitokea sentimita 44 ni 808. La sentimita 63 lisikuamulie, kwa sababu kijani chenyewe hutupa doa lake la pili pale pale 1064 inapoangukia. Ukiliona hilo la 808, miwani ya kuzuia kijani peke yake haikukingi. Kwa leza kubwa usiweke greting wala sidii mbele ya mwali. Unagawa mwali mmoja hatari kuwa mitano.

IKIKOROFISHA

Haiwaki kabisa: betri iko kinyume, haijafika mwisho, au rangi ya bodi inazuia umeme kwenye nyuzi. Futa nyuzi kwa alkoholi na ukingo wa mwisho kwa msasa laini.

Inawaka na kuzimika baada ya sekunde chache: pima betri ikiwa kazini. Ikishuka chini ya volti 3, ni betri bandia au imechoka. Ikibaki juu ya 3.5, ni draiva inayojizima kwa joto.

Inapepesa: mguso mbovu kwenye swichi ya nyuma au springi laini mno. Ruka swichi kwa multimita kama hatua ya 8. Ikitulia, badilisha swichi.

Doa lina mabawa na ukungu: safisha lenzi. Yakibaki, na lenzi ni G2, ni tabia yake. Doa kuwa mstari kwenye buluu kubwa si kasoro.

Lenzi inacheza na fokasi inahama: springi ya lenzi imekosekana, au nyuzi zimelegea. Utepe wa teflon wa fundi bomba, mzunguko mmoja tu, humaliza.

Kijani cha 532 ni hafifu kisha kinapanda, au kinaruka ruka: fuwele hazijafikia joto lake. Ipe nusu dakika. Kikiendelea, fuwele zimehama, na hilo si la kurekebishia nyumbani.

Ilikuwa kali, sasa inatoa mwanga mpana dhaifu usiokusanyika, na ampea ni zile zile: daiodi imeungua na kubaki kama taa ya kawaida. Sababu huwa ni ampea kupita kiasi, joto, au umeme tuli uliopita wakati wa kufunguliwa. Haitengenezeki. Kama hujaifungua na namba zako za hatua ya 8 na 9 ziko kwenye daftari zikiwa na tarehe, mtumie fundi. Dhamana hudaiwa kwa karatasi hiyo.